Somo ametoka kizimbani

Nyumbani tunamwita Somo. Jina lake halisi ni la bibi yake mzaa baba, na mimi jina la mama mkwe sithubutu kulipaza nikiwa namfokea mtoto aliyemwaga uji. Kwa hiyo jina lile limebaki kwenye kadi ya kliniki. Bibi mwenyewe humwita "somo yangu", nasi tukalidaka hapohapo. Baba yake anamwita "mama". Ukipita dirishani kwetu usiku ukasikia dume zima linabembeleza, "Lala basi mama, kesho nitakununulia chipsi," ndiyo hivyo, usituulize.

Somo ana miaka miwili na miezi mitano. Tangu akiwa mchanga alilala kwenye kitanda cha mbao chenye fito pande zote, ambacho tulikinunua mtumba Ilala mimba ikiwa na miezi minane. Baba yake alikibatiza jina la kizimba. Somo alipojua kusimama, kila asubuhi tulimkuta ameshika fito kwa mikono miwili, anatutazama kama mshitakiwa anayesubiri kutajiwa tarehe nyingine ya kesi.

Siku iliyotuhamisha ilikuwa kwenye kumi la kwanza la Ramadhani. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni hapahapa Tabata, na siku hizo kila mteja anataka gauni lake jana. Somo nilimlaza adhuhuri, nikarudi kwenye mashine. Nikasikia puu! chumbani, halafu kimya. Moyo ukanishuka miguuni. Kabla sijafika mlangoni akatokea mwenyewe, ana nepi tu, paji la uso limeanza kuvimba, wala halii. Akanipita kama hanijui, akaenda moja kwa moja kwenye mkasi.

Alikuwa amekanyaga dubu lake, akapandisha mguu juu ya fito ya mwisho, akajimwaga upande wa pili. Dubu nilimwekea mimi mwenyewe, eti asijisikie mpweke.

Sasa kitu kilichonichekesha baadaye. Jana yake nilimpima gauni la Idi, na kwenye daftari la wateja, chini ya mama mmoja wa mtaa wa pili, nimeandika: Somo, kimo chote, inchi 35. Usiku ule, barafu ikiwa kwenye paji la mtoto, nikaingia kwenye simu kutafuta lini mtoto atolewe kwenye kitanda cha fito. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema akifika inchi 35, sentimita 89, mtoe. Daftari langu lilikuwa na jibu siku nzima kabla ya puu.

Nikiwa hukohuko kwenye simu nikajifunza na jingine. Kizimba chetu kilikuwa cha aina ile ambayo upande mmoja unashuka ukibonyeza, na ndicho nilichokipendea, maana mgongo wangu wa cherehani haupendi kuinama. Kumbe Marekani vitanda vya upande unaoshuka vimepigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa tangu Juni 2011, kwa kuwa vishikizo vilikuwa vinalegea, upande unaachia na watoto wananasa katikati. Nikaenda kukitikisa cha kwetu. Kishikizo cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, na aliyeifunga ni mimi.

Basi Jumamosi tukaenda Keko. Kwa msiokuwa wa Dar: Keko ndiko kwenye mafundi seremala, vitanda na makabati yamepangwa barabarani, vumbi la mbao linakuingia mpaka kwenye soda. Baba Somo alitaka mninga. Nikamwambia mninga ni wa harusi, huyu bado anakojoa. Tukakubaliana paini, cha futi tatu na nusu kwa sita. Fundi akajaribu kutuuzia dabo deka, "mtoto wa pili akija mmeshamaliza kazi." Nikamtazama. Mtoto wa miaka miwili aliyejirusha kutoka kizimbani nimpe na ngazi? Huko juu hata wenyewe wazungu wanasema asilale mtoto wa chini ya miaka sita. Tukatoa nusu ya pesa, tukaambiwa turudi baada ya siku kumi. Kurudi kuchukua, naona kitanda kipana. Mimi na inchi tunajuana; sihitaji tepu kujua hii si tatu na nusu.

"Fundi, hii ni nne kwa sita."

"Dada yangu, nimekuongezea, sijakupunguzia."

Kulikuwa na mteja aliyeghairi, kitanda chake ndicho nikapewa mimi. Nami kwa ujinga wangu godoro la tatu na nusu nilikuwa nimeshalinunua, liko nyumbani bado limo kwenye nailoni yake. Kirikuu ya kubebea imeshalipwa, jua la saa saba linachoma, Baba Somo anasema tuondoke tu. Tukaondoka.

Jioni nikampigia mama mkwe, Muheza, kumpa habari. Kimya kirefu.

"Peke yake?"

"Chumba cha pili, mama. Mlango wazi."

"Kwani somo yangu amekosa nini?"

Mama mkwe kalea watoto saba, na kwa maelezo yake hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka kitandani. Siri, anasema, ni kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze. Kikishalegea kinafanya bonde katikati, watoto wote wanaporomokea humo, ukimtafuta mmoja unawatoa watatu. Hawezi mtu kuanguka kutoka shimoni. Nilicheka, lakini nimekaa nikawaza, ni kweli. Kitanda cha chaga na godoro la sponji la inchi 8 ni uwanja wa mpira, mtoto anabiringika mpaka mwisho wa uwanja na hakuna wa kumrudisha.

Usiku wa kwanza sikuwa na mpango wa kulala. Nilitandika chini kabisa ule mpira niliokwenda nao leba, maana nilijua siku moja utanifaa tena, juu yake shuka mbili. Kizimba nilikiacha palepale chumbani kwetu ili asione kama kafukuzwa. Akapanda kwa furaha, akaruka mara kumi na tano, akataka maji, akataka kukojoa, akataka kumuaga dubu, akataka dubu naye akojoe. Saa nne kasoro akalala. Nikakaa sakafuni na tochi ya simu.

Kuna kitu alikifanya usiku ule, naandika ili nisisahau. Akiwa usingizini kabisa, mguu wake wa kulia ulikuwa unatoka taratibu, unapapasa shuka, unakwenda pembeni, unafika ukingoni, unabaki umening'inia hewani. Kisha unarudi. Baada ya dakika chache unatoka tena. Nilichukua muda kuelewa. Kizimbani alizoea kulala nyayo imegusa fito. Mguu ulikuwa unazitafuta. Nikausukuma mgongo wangu mpaka ukingoni, ule mguu ukanikuta ubavuni, ukatulia. Niliamka saa kumi na moja shingo imekakamaa, sufuria la daku nimelisahau jikoni, sikuwahi hata kulibandika. Siku ile nilifunga na maji.

Usiku wa pili alianguka. Ilikuwa saa nane, nikasikia mshindo na kilio papo hapo, kwa hiyo nikajua mzima. Usiku wa tatu ndio ulionitia baridi. Baba yake alikuwa zamu ya usiku bandarini. Sikusikia mshindo. Nilisikia sauti ndogo, imebanwa, kama mtu anaongea ndani ya mto. Nikamkuta kwenye ile nafasi ya ukutani, zile inchi sita ambazo fundi alinizawadia. Mguu mmoja mpaka pajani umezama kati ya godoro na ukuta, kifua kimelalia kingo, mkono umekunjwa chini yake. Hakuwa ameumia. Lakini nilipomchomoa nikakaa naye kitandani nikaingiza ngumi yangu kwenye ile nafasi. Ikapita. Nikaingiza na ya pili pembeni yake. Zikapita zote mbili, nikawaza mambo ambayo sitayaandika.

Kulipokucha nilivuta godoro chini sakafuni na nikalala nalo hukohuko mimi na yeye, nikasema kitanda kitasubiri. Wapo wanaoshauri hivyo moja kwa moja, mlaze chini, hakuna pa kuangukia. Kwa nyumba yenye sakafu kavu sawa. Kwetu usiku wa pili nilimuona tandu anakatiza kwenye kona bila haraka, kama mwenye nyumba. Habari ya godoro la chini ikaishia hapo.

Nikaamua kukitengeneza kitanda kama ninavyotengeneza gauni lililokosewa na fundi mwingine, maana hiyo ndiyo kazi inayonipa kula nusu ya mwaka. Kwa wanaoshona makochi nikakatiwa kipande cha sponji: urefu futi sita, kimo inchi nane, upana inchi sita na nusu. Hiyo nusu ndiyo fundi. Ukiweka sita kamili kitacheza. Ukizidisha nusu, unakisukuma kwa goti ndipo kinaingia, na kikiingia hakitoki. Kisha nikashona kava moja linalomeza godoro na kile kipande kwa pamoja, zipu ndefu miguuni. Somo hajui kama analala kwenye magodoro mawili. Mimi mwenyewe nikipitisha mkono sioni mshono.

Kimo kikabaki. Kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro nilipima inchi 26. Huyo mtoto ana inchi 35! Ni sawa na mimi kulala juu ya kabati. Kuna vizuizi vya pembeni vya kununua, nimeviona Kariakoo, vizuri tu, ila kwa bei ile nikaona msumeno ni rahisi zaidi. Nikamwita fundi wa mtaani, akakilaza kitanda ubavu, akakata matendegu yote manne, inchi tisa kila moja. Matatu yalitoka sawa. La nne likawa kiwete, tukaliwekea kibao. Sasa akianguka anaanguka kutoka inchi 17, na chini nimemtandikia mkeka umekunjwa mara mbili. Alianguka mara mbili zaidi baada ya hapo. Mara ya pili hakuamka hata.

Mama mkwe alipokuja baada ya Idi alikikagua, akainama, akauliza, "Na mvungu uko wapi?" Hakuna mvungu tena. Masanduku mawili, beseni la kuoshea nguo na gunia la vitambaa vyangu vimehamia sebuleni, na Baba Somo anasema sasa hata cha mvunguni hakuna, tutainama kutafuta nini. Lakini mama alinifundisha kitu kimoja ambacho nisingekipata kwenye simu. Alichukua doti moja kuukuu ya kanga, akaiviringisha ikawa kama muhogo mrefu, akaisukuma chini ya godoro, upande wa wazi, urefu wote. Godoro likainuka kidogo tu ukingoni, likalalia ukutani. "Teremka tukaze," akasema, akapiga makofi kufuta vumbi. Bonde lake amelipata.

Kuna jambo ambalo kwenye maandiko ya watu wengine huwa wanalipita mbio, nami nataka nilisimamie. Mtoto aliyetoka kizimbani si kwamba amebadili kitanda tu. Nyumba nzima amepewa, na usiku wewe umelala. Nilizunguka nyumba yangu saa tatu usiku nimepiga magoti, kwa kimo chake. Niliona mashine yangu na sindano yake, pasi, mkasi, mtungi wa gesi. Hivyo nilivitarajia. Nilichokuwa sikioni kwa mazoea ni ndoo. Kwetu maji hukatika, kwa hiyo bafuni kuna ndoo tatu na pipa, na mdomo wa ndoo unamfika Somo tumboni. Mtoto wa umri huu kichwa ni kizito kuliko anavyodhani. Akichungulia akazama kichwa chini, hajui kujirudisha, na maji kidogo tu yanatosha. Leo kila ndoo ina mfuniko wa kubana, na mlango wa bafu una komeo juu, kwa kimo cha mtu mzima. Ukisoma hapa na una mtoto anayetembea, acha kusoma, nenda kafunike ndoo. Utanikuta.

Haya, neti.

Kizimbani alikuwa na kineti cha mwavuli, unafunika, umemaliza. Kitanda kikubwa kikahitaji neti kubwa, nami nilikuwa nayo, ile aliyopewa kliniki siku ya chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Sikuwahi kuifungua. Nikaianika kivulini siku nzima kama inavyotakiwa kwa neti mpya yenye dawa, nikaifunga kwa kamba nne za pembeni, maana katikati kuna pangaboi. Ikaning'inia vizuri sana. Asubuhi mtoto ana madonda saba ya mbu mguuni, na neti imelala sakafuni kama imechoka.

Hesabu yake ni hii. Neti ina kimo cha inchi 59. Godoro linakula 8. Ili ichomekwe ikae unahitaji walau 12 chini ya godoro. Ukichomeka vidole vinne tu, teke moja imetoka. Hapo zimebaki 39 juu ya godoro. Somo akisimama kitandani ana 35, akinyoosha mkono anashika paa. Na anashika! Anavuta paa, pembeni inachomoka. Nikipandisha kamba ili paa lisishikike, chini haifiki. Nimeshona nguo za wanawake wa kila umbo, sijawahi kupata mteja msumbufu kama neti.

Zipo neti za kimo cha sentimita 180, najua. Lakini mashine ninayo na vipande ninavyo. Nilikuwa na mabaki ya tetroni ya sare za shule, bluu ile nzito ya sketi, nikakata mikanda ya inchi 18, nikaunga mpaka ikazunguka neti yote, nikaishonea chini kama pindo la gauni. Tetroni ina uzito, ikichomekwa chini ya godoro inang'ang'ania. Na paa likapanda mpaka pale ambapo Somo akiruka anaambulia hewa. Neti nyeupe, sketi ya bluu, Baba Somo akaiona akasema, "Neti imeandikishwa darasa la kwanza."

Kizimba nimekivunja. Watu wawili waliniomba, wajawazito wote, na kila mmoja nilimuonyesha kishikizo cha kushoto na ile kamba. Mmoja alisema hata hivyo atakichukua. Siku hiyohiyo nikachukua bisibisi. Ubavu mmoja nimeutundika ukutani juu ya mashine, natundikia vitambaa vya wateja vilivyokatwa. Somo huwa anausimamia chini anaunyooshea kidole, "Cha Somo." Namwambia ndiyo, cha Somo. Kisha anaendelea na mambo yake.

Juzi usiku, mvua ilikuwa inapiga bati, umeme umekatika, sisi wawili tumelala fofofo. Nikasikia kitu kama kuku anakwaruza mlango. Tumemfundisha mwezi mzima kwamba chumba cha watu hakiingiwi hivihivi, ila sikudhani kama limeingia.

"Hodi."

Baba yake, macho yamefumba, akajibu kama vile ni saa nne asubuhi na kuna mgeni barazani. "Karibu, mama."

Pazia likasogea. Akasimama hapo gizani, dubu mkononi.

"Neti imetoka."

Nikaamka, nikatafuta kandambili, nikaenda kuichomeka.